Bomba Lako, Ardhi Yangu

Kambi ya Kiwanda, Kericho
6 Machi 1972

Kwa Kiplangat, Bwana Bomba,

Chamgei, kama msalimianavyo kwenu. Natumaini Mama ni mzima, na nyonga yake haimsumbui sana na mvua hizi zinazoanza.

Naingia moja kwa moja kwenye shida. Ile nyumba kubwa uliyonisaidia kuitunza miaka mitano, mimi waya na wewe maji, imepata meneja mpya. Meneja ana mama, na mama ana magoti mabovu. Anafika kutoka Ulaya Jumamosi tarehe 25. Daktari wake amesema akae ndani ya maji moto nusu saa kila siku. Basi limeletwa beseni kwa meli, la chuma, refu kama jeneza. Tulilibeba watu sita. Lina koili yake tumboni. Maji yanapashwa humo humo, mtu akiwa amelala ndani. Pipa la kuni nyuma ya jikoni eti sasa ni la zamani.

Fikiria na mimi. Wati elfu tatu, gawanya kwa volti 240, ni ampea kumi na mbili na nusu. Waya wa bafu ile ni wa mwaka 1938, mpira wake unavunjika kama chapati kavu, na uliwekewa taa moja tu. Injinia mpya alitaka niunge hapo hapo. Ana vyeti vitatu. Mimi sina hata kimoja, nilijifunza kwa kumbebea ngazi fundi mmoja kule Kisumu miaka minne, lakini nilimwambia hapana. Nimevuta waya mpya kutoka bodi, futi 42, wenye fyuzi yake peke yake, ampea 15. Swichi ya koili nimeitoa nje ya mlango. Ya taa nimeifanya ya kuvuta kwa kamba. Mtu mwenye mkono wa maji asiguse kitu cha stima humo ndani. Hakuna aliyeniambia asante, na sikungoja.

Kumebaki waya wa kijani, ule wa kupeleka stima ardhini ikivuja. Unajua niliufunga wapi mwaka 1964: kwenye bomba la maji, chini ya ukuta wa nyuma. Na unajua sheria yetu. Bomba lako ni ardhi yangu. Huondoi bomba bila kuniambia, sifungi waya bila kukuonyesha.

Jana niliupima kwa taa ya wati mia, niliyoiunga kati ya waya wa moto na huo wa kijani. Ilipaswa kuwaka nyeupe. Iliwaka nyekundu, kama kaa linalokufa.

Umewahi kugusa bomba lile? Nijibu upesi. Msichana wangu Mokeira anafanya kazi ndani ya nyumba hiyo. Ndiye atakayelijaza beseni na kulisugua.

Ni mimi,
Ratemo Onsongo, Fundi wa Stima

*

Bomet
9 Machi 1972

Kwa Mzee Ratemo, Bwana Stima,

Bwakire, kwa salamu ya kwenu. Barua yako ilinipata nikinywa maziwa ya mursik, nikacheka hadi yakanitoka puani. Yaani mzungu analala ndani ya sufuria, na wewe ndiye unawasha moto chini! Nyinyi watu wa ndizi mnajua kupika, lakini hii imepita.

Bomba ni bomba, mzee. Uliniona mwenyewe mwaka 1969 nikichimba ule mfereji kutoka tenki hadi nyumba. Yalikuwa mabomba ishirini mapya na kitabu cha stoo kinasema ishirini. Labda taa yako imezeeka. Taa pia huzeeka, siyo watu tu. Jaribu nyingine.

Mimi niko karibu kupata kazi ya kudumu, mradi wa maji kule Longisa. Wameniweka majaribio miezi mitatu, imebaki mmoja. Waliuliza kama nimewahi kukosana na mtu kazini, nikasema uliza chai yote ya Kericho.

Mama anakusalimu sana. Siku hizi ana raha. Anafungua maji mlangoni kwake akiwa ameketi kwenye kigoda. Anasema ukija atakuonyesha.

Rafiki yako,
Kiplangat

*

Kambi ya Kiwanda, Kericho
11 Machi 1972

Kiplangat,

Nilibadilisha taa. Nilibadilisha mara tatu. Halafu nikachukua jembe.

Kutoka ukutani kuna chuma chako cha zamani, futi tatu. Waya wangu bado umefungwa pale vizuri, hata nati haijapata kutu. Baada ya futi tatu kuna plastiki. Nyeusi, baridi, kama nyoka aliyelala. Nikachimba shimo jingine katikati ya majani chai, plastiki. Nikaenda mpaka miguu ya tenki, plastiki.

Futi mia nne. Bomba moja ni futi ishirini. Mabomba ishirini ya chuma yako wapi? Nikasoma barua yako tena. "Anafungua maji mlangoni kwake." Mimi nilikuja kwa Mama mwaka 1968 alipovunjika nyonga. Alikuwa ameteleza na debe akishuka kutoka chemchemi. Nilihesabu hatua siku ile kwa sababu ndiyo tabia yangu: mia na sitini. Kama futi mia nne.

Sasa sikiliza jambo linalonikaba. Kile kitabu cha stoo cha 1969 kina mstari unaosema: "Mabomba ishirini ya chuma yamelazwa, yameonekana na fundi wa stima." Sahihi ni yangu. Ulinijia nikiwa juu ya ngazi, ukasema mzee weka hapa, nikaweka. Sikushuka. Sikutembea hatua hata moja kuona. Mimi, ambaye hupima chumvi nyumbani.

Nikisema bomba halina chuma, wataleta kitabu, na nyumba ninayokaa ni ya kampuni. Watoto sita, na wanne wanasoma shule ya hapa hapa. Nikinyamaza, koili ikipata ufa hata wa unywele, beseni lote litakuwa na stima, na mwenye kuligusa akiwa amesimama kwenye sakafu yenye maji hatarudisha mkono wake.

Usinijibu kwa mzaha safari hii.

R. Onsongo

*

Bomet
14 Machi 1972

Mzee wangu Ratemo,

Ni kweli. Mabomba yako hapa.

Usifikiri niliuza. Kwanza nilinunua plastiki kwa ajili ya Mama, kwa pesa zangu, futi mia nne. Nilizika, na wiki ya pili fuko wakaitafuna. Nikaunga. Wakatafuna tena. Mama akarudi kwenye mtelemko na fimbo mkono huu na debe mkono ule. Ndipo kampuni ikaleta chuma kipya cha nyumba kubwa, na kule kwenye kambi mnatega fuko kila siku, hawamalizi wiki. Nikajiambia maji hayajui yanapita kwenye nini. Meneja ataoga, Mama atakunywa, hakuna atakayepungukiwa. Nikabadilisha: plastiki yangu kule, chuma hapa kwa Mama. Ogari alibeba kwa lori lake la kabichi bila kujua ni ya nani.

Waya wako sikuukumbuka. Naapa mbele ya Mungu, mzee. Nilikumbuka maji, nikasahau stima. Niliijua sheria yetu, lakini nilikuwa na haraka na mimi ni mtu wa maji.

Nimefikiri. Nakutumia bomba moja kwa Ogari. Lipigilie ardhini nyuma ya ukuta, ufunge waya wako hapo. Si ardhi ni ardhi? Nimetoa lile la mwisho, la mlangoni. Sasa maji yanaishia kwenye zizi na Mama anayafuata hatua nane. Nimemwambia limeziba.

Lakini nakuomba, usitaje. Longisa wakisikia neno moja nimekwisha. Nina mke, mtoto mchanga na huyu mama.

Kiplangat

*

KWA BWANA MENEJA
17 Machi 1972

Bwana,

Naleta habari kuhusu beseni la stima katika nyumba yako.

Waya, fyuzi na swichi ni kazi nzuri na naisimamia. Lakini beseni halina ardhi ya kutosha. Bomba la kutoka tenki si la chuma kama kitabu kinavyosema. Ni la plastiki, na plastiki haipitishi stima. Mwaka 1969 niliweka sahihi kwamba nimeona chuma. Sikuwa nimeona. Kosa hilo ni langu.

Nimejaribu bomba moja la kupigilia ardhini. Halitoshi, na hesabu nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Naomba koili isiwashwe kabla ya chuma kulazwa tena mpaka tenki. Fyuzi yake nimeitoa na ninayo mfukoni.

Wako mtiifu,
Ratemo Onsongo, Fundi wa Stima

*

Kambi ya Kiwanda, Kericho
20 Machi 1972

Kiplangat,

Bomba lilifika. Nililikata futi nane, nikalipigilia kwa nyundo kubwa mpaka mikono ikafa ganzi. Nikafunga waya, nikapima kwa taa. Iliwaka nyeupe safi. Mtu mjinga angeimba.

Lakini taa ya wati mia hainywi hata nusu ampea. Ni kama kupima daraja kwa kuku. Nikaazima mita ya volti kiwandani, nikaweka koili ya wati elfu moja badala ya taa. Mita ikanionyesha 158. Volti 82 zimepotea udongoni. Nimeipiga hesabu mara nne. Beseni likivuja, bomba lako moja litapitisha ampea nane. Fyuzi ni ya kumi na tano. Haitakatika leo wala mwaka ujao. Beseni litakaa pale jeupe, limejaa stima, likingoja mtu. Mwaka 1964, na chuma chote kimeungana mpaka tenki na mpaka kiwandani, mita ile ile ilisema 235. Hapo fyuzi ingeruka kabla hujapepesa jicho.

Kwa hiyo nilimwandikia meneja. Usiogope, jina lako halimo. Nilisema sahihi ni yangu, na ni yangu.

Alimpa Injinia barua. Injinia akaja na taa yangu mwenyewe, akaipima mbele ya meneja, ikawaka.

"Hii ni nini, Ratemo?"
"Ni taa, bwana."
"Imewaka au haijawaka?"
"Imewaka. Lakini geuza ile karatasi usome hesabu."
"Wewe ulisaini kitu ambacho hukuona. Sasa unataka niamini kitu ambacho sioni?"

Miaka kumi na nane ya stima, Kiplangat, na sahihi moja imeifuta. Kama nisingepigilia bomba lako, taa ingekuwa nyekundu na angeogopa. Mimi ndiye niliyemwashia.

Wamenipa notisi. Nitoke kwenye nyumba kufikia tarehe 30 Aprili, kwa kosa la kusaini uongo. Fyuzi walinidai, nikawapa. Kama ningekataa, si inauzwa Kericho mjini kwenye kila duka la vyuma? Injinia amesema Jumamosi mchana Mama Mzungu ataingia kwenye maji yake.

Nilimwambia Mokeira aache kazi leo hii.

"Nikiacha bila sababu watauliza sababu, Baba."
"Sema mgonjwa."
"Na nani atasugua beseni? Si watamleta Jerusa wa jirani? Jerusa hajui stima ni kitu gani. Mimi angalau najua nisiguse."
"Utajazaje maji bila kugusa?"

Akaniangalia, akachukua leso yake, akaenda kazini. Alirithi kichwa changu, na leo sikukipenda.

Sijui nikwambie nini. Nikikuomba mabomba yaliyobaki, ninamwondolea mama yako maji na wewe kazi. Nisipokuomba, unaijua hesabu. Zimebaki siku tano. Nimekuandikia kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwandikia anayejua bomba ni nini.

Ratemo

*

Bomet
22 Machi 1972

Mzee Ratemo,

Nampa Ogari barua hii asubuhi, lakini huenda mimi na barua tukafika pamoja.

Nilisoma yako mbele ya Mama kwa sababu aliniona nikirudia ukurasa mmoja mara tatu. Nilitaka kuruka mahali, akasema soma kama ilivyoandikwa. Nikasoma mpaka mwisho. Akauliza:

"Kwa hiyo hilo la mlangoni halikuziba."
"Halikuziba, Mama."
"Na haya mengine si ya serikali kama ulivyoniambia."
"Si ya serikali."

Halafu akauliza, "Huyo anayeletewa beseni ni nani?"

Nikasema ni mama wa meneja.

"Mzee?"
"Amepita sabini, nasikia. Ana magoti."

Alikaa akisugua nyonga yake hivi, unavyomjua. Nilifikiri ataniombea dua au atanilaani. Akasema, "Toa. Mimi nilianguka nikainuka. Huyo hatainuka." Kisha akaomba fimbo yake ili anihesabie, maana anasema mimi na hesabu tumetengana tangu utoto.

Nimetoa yote kumi na tisa. Yamelala uani sasa, mazito, yana udongo wa kwetu. Mama alihesabu mara mbili. Alipomaliza alichukua debe, akaanza kwenda chemchemini. Nilimfuata nikamnyang'anya.

Nitaingia kwa mlango wa mbele wa ofisi, siyo wa jikoni. Nitasema mimi ndiye. Usinizuie na usijitie kati, tafadhali, umeshajitia vya kutosha. Nitafutie watu wanne wa kuchimba, na ile spana yangu kubwa uliyoazima mwaka 1967 ukasema umepoteza. Najua iko chini ya kitanda chako.

Kiplangat

*

Kambi ya Kiwanda, Kericho
Jumapili ya Pasaka, 2 Aprili 1972

Ndugu yangu Kiplangat,

Uliondoka Ijumaa ile jioni kabla hatujapima, kwa sababu askari wa getini walisema muda uliopewa ofisini wa kurudisha chuma umekwisha. Kwa hiyo nakupa vipimo.

Jumamosi asubuhi, saa mbili na dakika kumi. Chuma kimeungana mpaka tenki. Lile la ishirini nililokuwa nimelikata, ulivyoliunga kwa soketi limeshika. Mita imesema 234. Nikamwambia Injinia asimame mlangoni, nikachukua waya wa moto nikaugusisha kwenye beseni tupu, kwa makusudi. Fyuzi ikaruka, pah. Nikaweka nyingine, nikagusa tena, pah. Maisha yangu yote nimelaumiwa kwa fyuzi kukatika. Siku ile nilitaka kuendelea mpaka zimalizike stoo. Baadaye Injinia alinijia karakanani akaniomba ile karatasi ya hesabu. Alikaa nayo saa nzima. Alirudi akasema, "Ni kweli, ampea nane," kana kwamba ameigundua yeye.

Mama Mzungu alifika mchana. Ni mwembamba, anatembea na fimbo mbili, ana heshima zake. Alimpa Mokeira mkono. Wakampeleka bafuni, maji yamejaa, moto wake sawasawa. Kiplangat, ukingo wa lile beseni ni inchi ishirini na tatu kutoka sakafuni. Mguu wake unainuka inchi tisa. Walijaribu mara tatu, mwanawe upande huu na Mokeira upande ule. Mwishowe aliketi ukingoni akalia kidogo, kisha akacheka. Sasa anakanda magoti kwa karai, maji kutoka pipa la kuni. Ningewaambia hizo inchi siku ya kwanza, lakini niliulizwa waya tu.

Beseni liko pale na haliumi mtu. Hiyo ndiyo kazi yetu, hata kama hakuna atakayeingia.

Notisi yangu haikuondolewa. Meneja alisema anashukuru kwa stima, ila sahihi ni sahihi. Sikubishana, ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Kwako walisema polisi hawataitwa kwa kuwa chuma kimerudi. Lakini Ogari ameniambia Longisa walipigiwa simu. Najua maana yake. Pole. Mokeira amebaki kazini, na mwezi huu ukiisha ndiye peke yake kwetu mwenye mahali pa kulala pa uhakika.

Sasa la mwisho. Plastiki yako niliifukua yote wakati mnalaza chuma, nikaiosha, nikaikunja. Iko futi mia nne kasoro mbili, kwa sababu jembe langu liliikata mahali. Tangu ulipoiunga, haijatafunwa tena hata mahali pamoja. Uliinunua wewe, kwa hiyo nilikwenda kwa karani nikamwambia aandike: "Plastiki, futi 398, mali ya Kiplangat, imetoka." Alinipa kalamu. Nikamwambia ngoja. Nikaitandaza yote uwanjani mbele ya ofisi, watu wakicheka, nikaipima kwa futi mkono kwa mkono. Ndipo nikaweka sahihi.

Ulisema kweli, maji hayajui yanapita kwenye nini. Stima ndiyo inayojua. Kosa lako na fuko lilikuwa kina: ulizika futi moja, na hapo ndipo anapotembea. Tutachimba futi tatu, tuweke kokoto inchi nne chini na inchi nne juu, na majivu katikati. Mtelemko wa kwenu unatosha, hakuna haja ya pampu.

Nitafika na lori la Ogari Jumamosi tarehe 8, na jembe langu na spana yako. Watoto wawili wanaomfuata Mokeira watakuja nami. Wengine watabaki na mama yao mpaka nipate pa kuwaweka, na hapo pia sijui bado.

Mwambie Mama asitupe debe. Aliweke chini ya bomba, mlangoni. Nataka kuona kwa macho yangu linajaa kwa dakika ngapi, niandike, halafu niweke sahihi.

Ratemo